Kisiwa cha Saba: kuishi kwenye mteremko

Ukiangalia ramani ya Karibi, kilomita kama 45 kusini-magharibi mwa kisiwa cha Sint Maarten, utaona nukta ambayo wachoraji wengine hawahangaiki hata kuiandika jina. Hiyo ni Saba: kilomita za mraba 13, watu wapatao 2,000, sehemu ya Ufalme wa Uholanzi. (Jina halihusiani na hesabu, usitafute vingine sita.)

Wanaoandika habari za utalii hupenda kuanza na kwamba kisiwa hiki hakina fukwe, kisha wanakimbilia picha za nyumba nyeupe zenye mapaa mekundu. Naona wanaliacha jambo lenyewe njiani. Saba haina fukwe kwa sababu haina tambarare, na kukosa tambarare ndiko kulikoamua bidhaa ziingie vipi, maji yakae wapi, maiti azikwe wapi, wanaume waende wapi kutafuta riziki na wanawake wabaki wakifanya kazi gani. Ukiuelewa mteremko, kisiwa kizima kimekuwa chepesi kukielewa.

Mlima wenye bahari pande zote

Saba ni kilele cha volkano kilichochomoza majini. Mlima wake mkuu, Mount Scenery, una zaidi ya mita 870, na hakuna ardhi iliyo juu kuliko hiyo katika Ufalme wote wa Uholanzi. Volkano imelala, haijafa: pwani kuna mahali maji ya moto yanapochuruzika kwenye miamba, na upande wa kaskazini-mashariki kuna mahandaki ya zamani ya kuchimbia salfa. Lava nzito ilipanda ikaganda karibu na pale ilipotokea badala ya kutiririka mbali, ndiyo maana kisiwa kimebaki na kuta wima badala ya miteremko mirefu ya pole. Wimbi linapiga jabali moja kwa moja, na mchanga haupati pa kutulia.

Kuna sehemu mbili tu zinazoweza kuitwa ufukwe. Well's Bay, upande wa kaskazini-magharibi, hupata mchanga wa kijivu majira ya bahari shwari, kuanzia kama Aprili, na kuupoteza mwishoni mwa mwaka. Mawimbi mepesi ya kiangazi husukuma mchanga kupanda. Mawimbi marefu yanayotoka kaskazini wakati wa baridi huukokota kurudi kilindini na kuacha mawe matupu. Anayefika Januari na taulo begani amekosea msimu. Pale pia usikae chini ya jabali, hasa baada ya mvua, kwa sababu mawe huanguka. Sehemu ya pili ni Cove Bay karibu na uwanja wa ndege, kidimbwi kidogo kilichokingwa kwa mawe, kizuri kwa watoto na si zaidi.

Vijiji ni vinne. The Bottom ndio makao makuu ya serikali, na licha ya jina hilo hauko chini: umekaa kwenye bonde lililozungukwa na vilima, mita mia mbili na kitu juu ya bahari. Windwardside uko juu zaidi, kwenye tandiko kati ya milima. Katikati ya hivyo viwili kuna St. Johns, na upande wa uwanja wa ndege kuna Zion's Hill, ambao wenyeji wengi bado wanauita kwa jina lake la zamani, Hell's Gate. Umbali wa kilomita si kitu hapa. Watu hupima safari kwa kupanda na kushuka. Hata hewa hubadilika kwa kijiji. Windwardside hupata ukungu na upepo wa baridi kiasi cha kutaka sweta usiku, na viatu vya ngozi vilivyosahaulika kabatini huota ukungu mweupe. Fort Bay, bandarini, siku hiyohiyo jua linakaanga.

Kila kitu kilipanda kwa kichwa

Hadi katikati ya karne ya 20 hakukuwa na gari, barabara wala gati. Meli ilikaa mbali na miamba, mizigo ikateremshwa kwenye mashua, na mashua ikasubiri pengo kati ya mawimbi. Watu waliingia majini hadi kiunoni kuishika isigonge mawe. Upande wa magharibi, mahali paitwapo The Ladder, mzigo ulipanda ngazi zipatazo 800 zilizochongwa kwenye mwamba, ukipita kijumba cha forodha ambacho bado kimesimama katikati ya mteremko. Unga, mbao, saruji, hata piano, vyote vilipanda kwa vichwa na mabega, kisha vikafuata vijia vya mawe hadi Windwardside. Ndio maana nyumba za zamani ni ndogo: kila ubao uliongezewa gharama ya miguu iliyoubeba.

Barabara ina historia ambayo wenyeji hawachoki kuisimulia, na wana haki. Wahandisi wa Kiholanzi walitazama mteremko wakasema haiwezekani. Josephus Lambert Hassell, mwenyeji ambaye hakuwa mhandisi, akajisomea uhandisi kwa njia ya posta, na kazi ikaanza mwaka 1938 kwa sururu, toroli na mikono. Kipande cha Fort Bay hadi The Bottom kilikamilika mwaka 1943. Gari la kwanza, jipu, lilifika mwaka 1947, barabara ikafika Windwardside mwaka 1951, na mwaka 1958 ikafika mwisho wake upande wa pili wa kisiwa. Wenyeji wanaiita barabara isiyoweza kujengwa.

Inayostahili kutazamwa kwa makini si lami bali kuta. Pande nyingi barabara imebebwa na ukuta wa mawe upande wa bonde na kukingwa na mwingine upande wa mlima. Adui wa ukuta wa namna hii ni maji yanayojikusanya nyuma yake, kuliko hata uzito wa magari. Vitundu vya kutolea maji vikizibwa na udongo au mizizi, shinikizo hupanda, ukuta hufura tumbo, na mvua moja kubwa huumalizia. Ukiona sehemu yenye tumbo na unyevunyevu chini, usiegeshe gari hapo.

Uendeshaji ni upande wa kulia. Kona nyingi ni za kujikunja kabisa na hazionyeshi anayekuja, kwa hiyo honi hupigwa kabla ya kona na hakuna anayeona ni ufidhuli. Kosa la wageni ni kuteremka kwa kukanyaga breki mfululizo: kufika Fort Bay breki zinanuka na hazishiki. Teremka kwa gia ileile ambayo ungeitumia kupanda, breki iwe ya kugusa tu. Gari lenye injini ndogo na abiria wanne litapanda kutoka bandarini likilia, na klachi ndiyo itakayolipa.

Njia ya ndege ya mita 400

Sehemu pekee iliyokaribia kuwa tambarare ni Flat Point, ulimi wa lava uliotokeza baharini kaskazini-mashariki. Mwaka 1959 wenyeji waliondoa mawe na kusawazisha kipande kwa mikono, na rubani Rémy de Haenen kutoka kisiwa jirani cha Saint-Barthélemy akatua. Uwanja rasmi ulifunguliwa mwaka 1963 na ukapewa jina la Juancho Yrausquin, waziri wa fedha wa zamani wa Antili za Uholanzi, yaani visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa pamoja chini ya Uholanzi. Njia ya kurukia ina urefu wa takriban mita 400, miisho yote miwili inaishia kwenye jabali la bahari, na ubavuni kuna kilima. Huhesabiwa kuwa fupi kuliko zote duniani zinazotumiwa na ndege za abiria za ratiba.

Ndege inayofaa ni Twin Otter ya shirika la Winair, yenye injini mbili za panga na viti visivyozidi 19, na rubani lazima awe amefunzwa mahsusi kwa uwanja huu. Safari kutoka Sint Maarten ni kama robo saa. Picha za kutua huwatia watu hofu, lakini urefu wa njia si ndio unaoharibu safari kwa kawaida, kwa sababu Twin Otter iliyobeba kiasi husimama kabla ya mwisho. Kinachoharibu ni upepo. Upepo wa kawaida hutoka mashariki na husaidia. Ukigeuka na kuvuka njia kutoka kwenye kilima, unafika umevurugika, na rubani hurudi Sint Maarten bila mjadala. Mawingu ya chini ni sababu ya pili, maana kutua ni kwa macho. Ya tatu ni uzito: upepo ukiwa hafifu ndege hubeba pungufu, hivyo viti huachwa wazi na mabegi huja na safari inayofuata. Kwa hiyo dawa, miwani na nguo za siku moja ziwe kwenye begi la mkononi. Na ukiwa na ndege ya kuvuka bahari, usiondoke Saba asubuhi ya siku hiyohiyo. Lala Sint Maarten usiku mmoja.

Njia ya pili ni boti ya abiria kutoka Sint Maarten hadi Fort Bay, zaidi ya saa moja baharini. Upande mmoja wa safari, kwenda au kurudi, huwa mgumu kuliko mwingine, kutegemea mawimbi yanakotoka. Mwenye tumbo jepesi anywe dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla ya kupanda, si baada ya boti kuanza kuyumba. Gati la Fort Bay lilijengwa mwaka 1972, nalo lipo upande wa kusini-magharibi uliojikinga na upepo wa kawaida. Kimbunga hakiheshimu kinga hiyo. Bahari ikichafuka, meli ya mizigo haiji, na rafu za mboga na maziwa huanza kuonyesha mbao. Wakazi wa muda mrefu huweka akiba ya vyakula vikavu kwa wiki mbili hasa kuanzia Juni hadi Novemba, msimu wa vimbunga, na hawangoji tangazo la redio.

Maji ni ya paa

Hakuna mto. Mvua inazama kwenye mwamba uliopasuka au inakimbilia baharini. Basi kila nyumba huvuna maji kwenye paa lake na kuyaweka kwenye tangi la zege au mawe, chini ya nyumba au pembeni yake, na mfuniko wa tangi la zamani mara nyingi ndio uwanja wa kukaa jioni. Hili ndilo jambo ninalowashauri wageni wanaopanga kukaa miezi kadhaa wajifunze kabla ya jingine lolote.

Hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa linalofunika mita 100 za mraba (pima eneo la chini, si urefu wa mabati yanayoinama) likipata mvua ya milimita 25 hutoa lita 2,500. Toa sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya kumwagika na kukauka, unabaki na 2,000. Watu wawili wanaotumia lita 80 kila mmoja kwa siku watayamaliza kwa siku kumi na mbili na nusu. Mvua ya mwaka kwenye vijiji ni kama milimita 1,000, kwa hiyo kwa mwaka mzima hesabu inakubali. Shida ni mgawanyo: miezi ya mwanzo wa mwaka ni mikavu, na tangi dogo lililomwagika Oktoba kwa kujaa litakuwa tupu Aprili. Anayejenga asibane ukubwa wa tangi. Paa likishajengwa kwa ukubwa wake, tangi ndilo linaloamua utaishi vipi.

Yanayokwenda mrama ni haya. Mvua ya kwanza baada ya ukame huosha vumbi, kinyesi cha ndege na majani. Bomba la kushukia liwe na mahali pa kuligeuza ili maji hayo yamwagike nje dakika kumi hivi kabla ya kuyaruhusu tangini. Kimbunga kikikaribia, bomba hutenganishwa kabisa na tangi, kwa sababu upepo hurusha chumvi ya bahari hadi juu kabisa ya kisiwa, na tangi lililojaa maji matamu huharibika kwa usiku mmoja. Baada ya dhoruba paa huoshwa kwanza. Matundu ya hewa na ya kufurikia yafungwe kwa wavu mwembamba: mbu aenezaye homa ya dengi anapenda hasa maji safi yaliyotulia gizani, na tangi moja bila wavu linatosha kusumbua mtaa. Mwisho, pampu ni ya umeme. Umeme ukikatika, bila ndoo na kamba kando ya mfuniko unakaa juu ya maelfu ya lita huku ukiwa na kiu.

Umeme wenyewe ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na dizeli inakuja kwa meli, yaani gati lilelile na bahari ileile. Mwaka 2018 na 2019 zilijengwa bustani mbili za paneli za jua pamoja na betri, na siku za jua kali jenereta huzimwa kwa saa kadhaa. Sifa nyingine ya mtandao wa umeme ni nyaya zake kuzikwa ardhini. Kwa kisiwa cha vimbunga, naona huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko hata paneli, ingawa hakuna anayepiga picha nyaya zilizozikwa.

Na kwa kuwa ardhi ya kulaza kitu ni adimu, familia nyingi zilizika wafu wao uani. Utaona makaburi yaliyopakwa chokaa hatua chache kutoka dirishani, yakiwa na maua yaliyotunzwa. Si kivutio cha kupigia picha. Omba ruhusa, au acha.

Wanaume baharini, wanawake na nyuzi

Waholanzi kutoka kisiwa jirani cha Sint Eustatius waliweka makazi karibu na mwaka 1640, na kisiwa kikapita mikononi mwa Waingereza na Wafaransa mara kadhaa hadi kikatulia chini ya Uholanzi mwaka 1816. Mteremko haukukubali mashamba makubwa ya miwa. Watumwa walikuwepo, na ukombozi ulikuja tarehe 1 Julai 1863 kama katika makoloni mengine ya Uholanzi Karibi, lakini mashamba yalikuwa madogo, na matokeo yake ni jamii ya wakulima wadogo weusi na weupe wenye majina machache yanayojirudia: Hassell, Johnson, Simmons, Zagers, Peterson. Lugha ya nyumbani ikawa Kiingereza, na imebaki hivyo, ingawa barua za serikali kuu huja kwa Kiholanzi.

Shamba dogo halilishi familia kubwa, basi wanaume wakaenda baharini. Kisiwa kisicho na bandari kikazalisha manahodha, na mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa na shule yake ya uanamaji. Baadaye wengi walikwenda kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Aruba, wengine Bermuda, Barbados na New York. Kwa vipindi virefu waliobaki vijijini walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Wanawake hao waliishi kwa sindano. Mary Gertrude Johnson alisomeshwa na masista huko Caracas, akarudi na ufundi wa kutarizi kwa kuchomoa nyuzi. Huduma ya posta ilipoanza miaka ya 1880, wanawake walinakili anwani za kampuni za Marekani kutoka kwenye bidhaa zilizoletwa kisiwani, wakaandika barua kutafuta wateja moja kwa moja. Mwaka 1928 kazi hiyo ilikuwa ikiuzwa nje kwa takriban dola 15,000 kwa mwaka. Ulikuwa uuzaji wa kimataifa usiohitaji barabara, kwa sababu shehena yake iliingia kwenye bahasha. Sijui bidhaa nyingine iliyoupatia mteremko huu jibu zuri kuliko hilo.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Huchaguliwa kitani chenye nyuzi zinazohesabika. Nyuzi za upande mmoja hukatwa mwanzo na mwisho wa eneo la pambo, kisha huchomolewa mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, zikabaki nyuzi za upande wa pili zimesimama kama vijiti vya uzio. Kisha kingo za eneo hilo hushonwa, na kila mshono hukusanya nyuzi nne hivi kuwa kifungu. Halafu kitambaa hutandazwa kwenye fremu, vifungu vikasukwa na kufungwa mafundo hadi litoke ua, nyota au utando. Kosa kubwa liko kwenye pembe: ukikata nyuzi kabla ya kuimarisha ukingo wa pembe kwa mshono, pembe hufumuka na haitengenezeki tena. La pili ni kuvuta uzi kwa nguvu kupita kiasi. Pambo linaonekana zuri kwenye fremu, likitolewa kitambaa kinajikunja. Leo wanaoifanya ni wachache na wengi wao ni wazee, na bei ya kitambaa cha meza huwashangaza wageni ambao hawajawahi kuhesabu saa.

Zawadi nyingine ya nyumbani ni Saba Spice, ramu ya viungo. Kila familia ina kipimo chake na haikisemi, lakini mahali pazuri pa kuanzia ni maji lita 1, sukari ya kahawia gramu 800, vijiti 4 vya mdalasini, karafuu 10, kijiko cha chai kimoja cha shamari na nusu ya kungumanga iliyokunwa. Chemsha kwa moto mdogo dakika 30, chuja kwa kitambaa, acha ipoe kabisa, ndipo uchanganye na lita 1 ya ramu kali. Usimimine ramu kwenye sufuria ya moto: kileo hupotea na mvuke wake hushika moto. Karafuu zikizidi huua ladha nyingine zote. Chupa ikae wiki kadhaa kabla ya kufunguliwa.

Serikali, wanafunzi na wageni

Tarehe 10 Oktoba 2010 Antili za Uholanzi zilivunjwa, na Saba, pamoja na Bonaire na Sint Eustatius, ikawa manispaa maalumu ya Uholanzi. Ina Baraza la Kisiwa la wajumbe 5, makamishna 2 na Gavana wa Kisiwa. Raia wa Uholanzi wanaoishi hapo hupiga kura ya bunge la Uholanzi lililoko The Hague. Hata hivyo sarafu si yuro: tangu Januari 2011 ni dola ya Marekani. Umeme ni volti 110. Kisiwa kiko nje ya eneo la Schengen, na viza ya sehemu za Karibi za Ufalme ni ya aina yake. Anayehitaji viza aulize ubalozi kabla ya kununua tiketi, na akumbuke kwamba atapita Sint Maarten, nchi nyingine ndani ya Ufalme huohuo yenye ukaguzi wake.

Uchumi una nguzo ambayo mgeni haioni mara moja: chuo cha udaktari, Saba University School of Medicine, kilichoanzishwa mwaka 1992 huko The Bottom. Mamia ya wanafunzi, wengi kutoka Marekani na Kanada, hukaa hapo kwa masomo ya msingi ya sayansi kisha huenda hospitali za kwao. Kwa watu 2,000, mamia ni wengi. Vyumba vya kupangisha, maduka, mikahawa na teksi vyote huwategemea, na masomo yalipohamia mtandaoni mwaka 2020 wenye nyumba walijua siku hiyohiyo. Wakazi wengine wametoka Colombia, Jamhuri ya Dominika, Ufilipino na Uholanzi. Hospitali ya kisiwa ni ndogo. Mgonjwa wa dharura kubwa husafirishwa kwa helikopta, na hali ya hewa mbaya inaweza kumchelewesha. Mgeni mwenye ugonjwa wa moyo aipime safari yake kwa ukweli huo, na asikose bima inayolipia usafiri wa angani.

Sikukuu ya kisiwa ni Ijumaa ya kwanza ya Desemba, kukumbuka bendera iliyokubaliwa mwaka 1985. Karnivali ni mwishoni mwa Julai, na waliohamia ng'ambo hurudi wakati huo, kwa hiyo viti vya ndege huisha mapema.

Chini ya maji mteremko unaendelea

Hifadhi ya bahari ya Saba ilianzishwa mwaka 1987, ikizunguka kisiwa chote hadi kina cha mita 60, na hulipiwa ada na wapiga mbizi. Boti hufungwa kwenye maboya ya kudumu. Kutia nanga ovyo huvunja matumbawe. Sehemu maarufu ni minara ya mawe iliyopanda kutoka vilindini ambayo ncha zake ziko kama mita 30 chini. Kina hicho hakimfai anayejifunza: hewa huisha haraka na muda salama ni mfupi. Kuna miamba ya kina kidogo karibu na Fort Bay kwa ajili yao.

Hapa kuna hatari ambayo watu huisahau. Mpiga mbizi anatoka usawa wa bahari na dakika ishirini baadaye yuko Windwardside, mamia ya mita juu. Mwili wenye nitrojeni iliyoyeyuka ndani yake wakati wa kuzama unauhesabu mpando huo kama kupaa kwa ndege. Ongeza muda wa kusimama kwenye mita 5 kabla ya kuibuka, kaa kidogo bandarini ukinywa maji, na panga kupanda Mount Scenery siku ya kwanza, kabla ya kupiga mbizi, si siku ya mwisho baada yake. Kabla ya ndege subiri saa 18 hadi 24.

Kusini-magharibi kuna Saba Bank, jukwaa kubwa la chini ya bahari lenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000, ambako wavuvi huweka madema ya kamba-koche. Meli za mafuta zilizosubiri zamu kwenye bohari ya mafuta ya Sint Eustatius zilikuwa zikitia nanga pale na kuburuza minyororo juu ya matumbawe. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Bahari lililitambua kuwa eneo nyeti na nanga zikapigwa marufuku. Dema lililopotea ni tatizo lingine: huendelea kunasa na kuua bila mvuvi, ndiyo maana ubavu mmoja unapaswa kufungwa kwa kitu kinachooza.

Mlimani, ngazi 1,064 huanzia Windwardside. Chukua saa moja na nusu kupanda na karibu muda uleule kushuka, kwa sababu ngazi hazilingani na zina kuvumwani lenye utelezi. Magoti huumia kushuka, si kupanda. Anza saa mbili asubuhi. Juu kuna msitu wa mawingu wenye mikangaga na miti iliyojaa mimea mingine, ambao vimbunga vya Georges mwaka 1998 na vya Irma na Maria mwaka 2017 viliuvua paa lake, na miti mirefu bado haijarudi kuwa ilivyokuwa. Mbuzi wanaozurura huko chini huongeza kazi: wanakula miche, udongo unabaki mtupu, mvua inaupeleka baharini juu ya matumbawe. Kisiwa kimekuwa kikiwapunguza, na si kila mwenyeji amefurahi, maana mchuzi wa mbuzi ni chakula cha sherehe. Nyoka utakayemwona njiani hana sumu ya kukudhuru. Beba koti la mvua na lita 1 ya maji kwa kila mtu, na usitegemee kuona chochote kutoka kileleni baada ya saa nne.